Miguu ya Mayu

Nakumbuka mwaka tuliokula unga wa njano. Mahindi yetu yalikauka shambani, tukapewa unga wa msaada unaonuka gunia, na jioni tulitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa juani, hadi taya zikauma.

Na katika njaa ile, mwanangu, mimi nilitaka picha. Nilikuwa msichana wa kujisikia, sifichi.

Tulitembea hadi Kahama mjini, mimi na Mayu, ndivyo nilivyomwita mama. Nyumba nzima ilikuwa na jozi moja ya viatu vya plastiki. Mayu alivibeba kichwani njia yote visichakae. Tulipokaribia mjini akaniosha miguu kwa maji ya kibuyu, akanivalisha mimi. Yeye akaingia peku.

Mbele ya boma palikuwa na bustani ya maua mekundu, na mpiga picha akisimamisha watu hapo. Mayu akayatazama yakimwagiliwa.

"Yote haya yanakunywa maji na hayaliwi?"

Mpiga picha akacheka. "Hiki chakula cha macho, mama. Haya, simama na binti."

Mayu akajifunga kanga vizuri, akaja. Nikamtazama chini. Visigino vimepasuka, vumbi hadi magotini.

"Sipigwi picha na miguu hiyo," nikasema.

"Dada, nitawakata kiunoni. Haitaonekana."

Nikatikisa kichwa. Akinikata kiunoni, viatu vyangu je?

"Mwache," Mayu akasema. "Pendeza, mwanangu. Mimi nashika kikapu."

Picha ilipotoka niliiweka chini ya mto nikailalia, kwa furaha. Bado ninayo. Maua yametoka meusi, viatu vinang'aa.

Mayu alifariki kabla hatujavuna tena. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Sasa nimezeeka na sura yake inanitoka. Nikifumba macho siipati. Miguu ndiyo naiona, kila ufa.

Wewe mwenye kamera, usimngoje mama yako apendeze. Mpige picha na unga wake mikononi, na kitambaa chake kilichotoboka. Maua ya mjini yatapandwa mengine. Mungu akujalie ukae na sura ya mama yako mpaka uzeeke.

Mimi, wangu alikuja kusimama kando yangu, mbele ya maua, nikamwambia: "Sipigwi picha na miguu hiyo."