Kikombe cha Kwanza cha Mama Anjela

Ni asubuhi mapema na Ngamiani tayari kuna joto, lakini Praxeda Tadeo amevaa sweta. Anapuliza mkaa, anainua birika, anajimiminia kikombe cha chai ya maziwa na tangawizi. Kwenye benchi lake wanaume sita wamekaa wakimkodolea macho kama watu wanaosubiri penalti ipigwe. Vikombe vyao vimejaa. Hakuna anayegusa.

Praxeda anapuliza, anafyonza kwa kishindo, anameza.

"Haya," anasema.

Hapo ndipo benchi zima linakunywa.

"Ndiyo desturi ya hapa," anaeleza Shabbar Esmailji, muuza misumari na bawaba ambaye duka lake linatazamana na benchi hilo. "Mwenye chai anatangulia. Asipokunywa yeye, mimi sinywi, hata ungenilipa."

Desturi hiyo aliianzisha mama yake Praxeda, marehemu Kristina, aliyetoka kambi ya mkonge upande wa Muheza akaja mjini na birika moja. Mtaa ulikuwa haumjui, basi akawa anakunywa yeye kwanza, mbele ya watu, ili wamwamini. Mama ameondoka, birika limebaki. Binti yake, ambaye sasa ana miaka arobaini na minane, hajapenda kubadili kitu.

"Kile kikombe cha kwanza ni kama namwamkia mama," anasema. "Ni shikamoo yangu ya asubuhi."

Mwaka jana, shikamoo hiyo ilimtia matatani.

Ilianza na baridi. Mwezi wa pili, watu wanalala barazani kwa joto, Praxeda anatafuta blanketi. Akavaa sweta, kisha akavaa nyingine juu yake. Ayubu, fundi baiskeli wa jirani, akambandika jina la Mama Lushoto, kama mtu wa kule milimani kwenye baridi na viazi.

"Kila asubuhi nilikuwa namwuliza, 'Mama Lushoto, viazi vimeshashushwa?'" Ayubu anasema. Anacheka, kisha anaangalia chini. "Sikujua kama ni ugonjwa."

Baada ya baridi ukaja uzito. Uso ukajaa, mikono ikajaa, na chakula ni kile kile. Mtaa ukampongeza kwamba chai inalipa. Sauti nayo ikawa nzito, hata mteja mmoja aliyepiga simu kuagiza chapati akaanza na "Shikamoo mzee."

"Nikamwitikia marahaba," anasema Praxeda. "Nilikuwa nimechoka, sina nguvu za kubishana."

Uchovu ndio uliozidi yote. Alikuwa akisinzia chapati ikiwa kwenye kikaango. Simu aliyoitegesha imwamshe ililia mpaka ikachoka yenyewe. Anaishi peke yake katika chumba kilicho nyuma ya benchi, kwa hiyo wateja wakawa ndio wanaogonga dirisha, naye anatoka mbio kuwasha mkaa huku mswaki ungali mdomoni.

Aliyempeleka hospitali ni binti yake, Anjela, aliyeolewa Muheza. Damu ikapimwa. Daktari akamweleza kwamba tezi ya shingoni, ile inayotoa homoni za kuuendesha mwili, imezembea. Atapewa homoni hiyo kwa kidonge, kila siku, na huenda ikawa maisha yake yote. Kidonge kimezwe asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji tu. Kisha asile kitu wala asinywe chai mpaka saa nzima ipite.

"Nikamwambia, daktari, mimi nauza chai," anakumbuka Praxeda. "Akanijibu, 'Uza, mama. Ila usinywe.' Nikaitikia ndiyo. Ndiyo ya hospitali si unaijua? Unaitikia ili urudi nyumbani."

Nyumbani mambo yakawa mengine. Kati ya kugongewa dirisha na kikombe cha kwanza hapakuwa na saa nzima. Palikuwa na mkaa wa kuwasha na watu wanaopiga miayo. Praxeda akakata shauri mwenyewe: kidonge akawa anakimeza kwa kile kile kikombe cha kwanza.

"Nilijiambia, chai si maji? Ni maji yaliyopata sukari."

Wiki zikapita, sweta hazikupungua. Aliporudi kupimwa, majibu yalikuwa karibu yale yale. Kabla ya kufikiria kuongeza dozi, daktari akauliza, "Unakimeza na nini?"

Anjela, aliyekuwa amekaa pembeni, anasema alitamani kuingia chini ya meza. "Mama alijibu kwa fahari kabisa, 'Na chai ya maziwa, mwanangu, tena ya tangawizi!' Daktari akaweka kalamu chini."

Wakaelezwa kwamba chai na maziwa vinakizuia kidonge kufanya kazi ipasavyo. Dozi haitaguswa mpaka mama akimeze kama alivyoagizwa.

Kesho yake Praxeda akameza kidonge kwa maji, akawamiminia watu chai, akakaa. Hakunywa.

Benchi zima likabaki na vikombe mkononi.

"Mama Anjela," Shabbar akasema, "umesahau kitu."

"Leo sijisikii kunywa chai."

"Wewe? Chai?"

Shabbar akarudisha kikombe mezani kikiwa kimejaa. Ayubu naye akafuata. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Haukupita muda habari zikawa zimezunguka Ngamiani yote: muuza chai haitaki chai yake mwenyewe, basi kuna kitu anakijua. Wengine wakalaumu maziwa, wengine maji ya kisima, na mmoja akaapa kwamba ameona mjusi birikani. Birika lililokuwa likiisha mapema likaanza kurudi ndani nusu.

Kwa nini hakusema ukweli? Hapo Praxeda anachokoa mkaa kwanza.

"Nani atakunywa chai ya mgonjwa? Wangesema nitawaambukiza. Nikaona bora waseme mjusi. Mjusi anatolewa, ugonjwa je?"

Akajaribu ujanja. Asubuhi moja alijimiminia maji ya moto, akayanywa mbele yao kwa madaha. Shabbar akamtazama, akatikisa kichwa.

"Tangu lini ukanywa chai kimya kimya? Mbona hukufyonza?" Akainuka, akachungulia kikombe. "Yakhe, maji! Anatupa chai sisi, yeye anakunywa maji!"

Watu wakaanza kuinuka. Praxeda anasema aliona wazi kwamba amefika mwisho: anywe chai abaki mgonjwa, au benchi la mama yake life mikononi mwake.

"Nikajikuta napiga kelele."

Kwa ile sauti yake nzito, mtaa mzima ulisikia. "Naumwa tezi! Nameza dawa kila siku, na dawa haitaki chai! Haiambukizi! Haya, nendeni!"

Hakuna aliyekwenda. Ayubu akanyoosha mkono kama yuko darasani. Akasema yeye ana sukari, na kila siku hapo anakunywa chai yenye vijiko vitatu kwa kuona haya kuomba isiyo na kitu. Mwenzake akataja vidonda vya tumbo.

"Mimi namshukuru Mungu," Shabbar akasema, akijivuta shati. "Mimi ni mzima."

Dirisha la ghorofani, juu ya duka lake, likafunguka. Alikuwa Masuma, mkewe.

"Mwongo huyo! Vidonge vyake vya presha nimevikuta kwenye boksi la bawaba! Vyote vimo, hajameza hata kimoja!"

Walicheka mpaka meza ikayumba na chai ikamwagika. Shabbar alikaa chini polepole, akaomba kikombe.

Na ni yeye aliyepata njia. Kila alfajiri akienda msikitini anapita chini ya dirisha la Praxeda. Mpaka aswali, asalimiane na watu, arudi kwa mwendo wake wa kusimamasimama, saa nzima imekwisha. Siku iliyofuata akagonga dirisha kwa fimbo.

"Mama Anjela! Kidonge!"

Hakubanduka mpaka alipojibiwa, "Nimemeza!"

Hajakosa tangu siku hiyo. Jirani mmoja alilalamikia kelele, kisha akaacha, maana naye siku hizi hachelewi kazini. Praxeda anapata nafasi ya kuwasha mkaa bila pupa, na watu wakifika, kikombe cha kwanza ni halali yake. Pembeni ameweka birika dogo la chai isiyo na sukari. Wanaolihitaji wamekuwa wengi kuliko alivyodhani.

Damu ilipopimwa mara ya mwisho, daktari aliridhika. Sweta moja imerudi kabatini. Hii ya pili bado anaivaa asubuhi, na Ayubu hathubutu kuitania.

"Daktari anasema nguvu zitaendelea kurudi, mradi nisiache dawa," anasema Praxeda, akisuuza vikombe. "Mimi naomba siku moja niamke mwenyewe kabla ya huyu mzee. Nivuke barabara na fimbo yangu, nigonge mlango wake mpaka bawaba zicheze. 'Mzee Shabbar! Kidonge!'"

Upande wa pili, Shabbar anajifanya anapanga misumari, hasikii. Masuma, juu dirishani, anasema siku hiyo mlango atauacha wazi.