Mashini Iliyozunguka Nyumba Kabla ya Kuingia

Miye sina uvumilivu, heri niseme mapema. Maji yakichelewa kuchemka, nagombana na makaa. Sasa muwazie muntu wa namna hiyo mbele ya ordinateri yenye kuchukua muda wa kuivisha sombe kabla ya kuonyesha kitu kwenye ekrani.

Tulikuwa na sekretaria, kaofisi ka kuandikia watu, pale Masisi senta, miye na mume wangu. Chumba kimoja cha mbao karibu na soko, ordinateri moja, emprimante moja ya kuchapia, na grupe ya umeme iliyonguruma nje mpaka kuku wa jirani wakaizoea. Watu walituletea barua za kuomba kazi, mialiko ya ndoa, risala za kusoma kanisani. Wanafunzi walituletea kazi zao za mwisho wa masomo, zile tunaita TFC. Miye niliandika. Mume wangu alitengeneza. Yaani alifungua vitu.

Wakati ule wa vita kila nyumba ilikuwa na muzigo wake wa kukimbia, umefungwa tayari pembeni ya mulango. Ndani ya wetu kulikuwa na karata za ubatizo, biletini za shule za watoto, chumvi kidogo na disiki ya ordinateri. Kila mangaribi mume wangu aliichomoa, akaifunga ndani ya kofia ya sufu ya mutoto, akaitia kwenye kitenge. Kasha la chuma la ordinateri lilibaki na bahati yake. Wenye bunduki wakilitaka, walichukue, lakini kazi za watu zote zilikuwa mu disiki. Ile disiki imeshuka mpaka mji wa Sake juu ya kichwa changu mara nyingi, katikati ya ndizi na viatu. Asubuhi kukiwa kimya, aliirudisha, nasi tukafungua mulango kwa wateja. Hakuna aliyeona ni ajabu.

Musimu ule tulikimbilia Bweremana, tukakaa kwa wadogo zangu, tukala samaki mpaka watoto wakaomba maharagi. Vilima vilipotulia tukapanda kurudi. Kasha tulilikuta palepale, kuku amelala juu yake. Mume wangu alifurahi sana, na furaha yake huwa inanipatia kazi. Alirudisha disiki, halafu akaingia mu biosi. Hiyo ni ile sehemu ya mashini inayoamka kwanza kabla ya vingine vyote, mahali unapanga ianze namna gani. Hakuna muntu aliyemutuma.

Kesho yake asubuhi akafika binti mumoja, mwanafunzi wa uuguzi, pamoja na mama yake muzazi. Walitoka Bihambwe kwa miguu. TFC ya binti nilikuwa nimeiandika yote kabla ya kukimbia, kilichobaki ni kuitoa kwenye karatasi. Alipaswa kuiweka isititi, shuleni kwao kule Goma, kesho yake, siku ya mwisho. Asipoiweka, anadubla, anarudia mwaka muzima. Na kamiyo ya Goma ilikuwa inapakia palepale sokoni, yenye kusindikizwa na askari. Ikitoka ile, hakuna ingine mpaka juma lenye kufuata.

"Kaa, binti yangu," nikamwambia. "Ni kitu ya dakika moja."

Mume wangu akawasha grupe. Nikabonyeza. Ekrani ikawa nyeusi, kakistari kadogo keupe kanawaka na kuzima juu pembeni. Tukangoja. Nikapanga karatasi. Nikazipanga tena. Kale kakistari kanawaka tu, kanazima tu.

"Papa," nikasema polepole, na mume wangu anajua nikisema polepole ni hatari. "Umefanya nini humu?"

"Nilipanga vizuri."

"Vizuri namna gani?"

Akajikuna shingo. "Weye ukirudi kutoka mbioni, unaingia mu nyumba mara moja? Si unazunguka kwanza? Unaangalia nyuma, unaangalia choo, unaangalia kama hakuna muntu amejificha? Njo nimeiambia nayo izunguke. Ipime kumbukumbu yake yote. Iangalie kama kuko mutandao. Iangalie kila shimo. Halafu ingojee disiki kidogo, maana ilikuwa mu baridi, iamuke vizuri."

Yesu wangu! Nilitaka kumutupia klavye ninayoandikia. Binti aliangalia chini, nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua anacheka. Hata miye kicheko kilinibana, lakini kamiyo ikapiga honi.

Esansi, mafuta ya grupe, ilikuwa kidogo, na sokoni hakuna aliyekuwa ameanza kuuza ingine. Tungeweza kuzima na kuwasha mara chache tu, na emprimante nayo ilitaka umeme wake. Mume wangu akataka kurudisha kila kitu mara moja kama mashini ilivyotoka dukani. Nikamukatalia. Tuliwahi kufanya vile zamani, ikaanza kuisoma disiki kwa namna ingine, ikagoma kabisa. "Kitu kimoja kimoja," nikasema, "na usiguse chenye sijakuambia."

Akatoa kwanza habari ya kutafuta mutandao. Mutandao gani Masisi? Tukawasha. Ikafupika kidogo, lakini bado. Akatoa kule kupima kumbukumbu yote. Hapo tukaona mabadiliko, maandishi yalipita mbio, halafu kakistari kale kakarudi kukaa. Honi ikapiga tena, sasa ndefu, ile ya hasira. Binti alisimama, akakaa, akasimama.

"Mama, niache tu," akaniambia. "Nitarudia mwaka."

"Nyamaza, utarudia nini!" Nilimufokea kweli, masikini, kama mutoto wangu. Roho ilikuwa inaniuma.

Nikachungulia mulangoni kuona kama kamiyo imeanza kwenda. Imeanza nini! Mama yake binti alikuwa amekaa chini mbele ya gurudumu, miguu ameinyoosha, kitunga chake cha fromaji, zile jibini zetu, juu ya mapaja. Sikuwa nimeona alitoka saa ngapi. Shofere anapiga kelele juu, askari anapiga kelele chini, abiria wanacheka, wengine wanatukana.

"Mama, toka!" shofere analia. "Tutachelewa kwa njia!"

"Endesha," mama anamujibu bila kumutazama. "Utanipita juu. Mutoto yangu angali anakuya."

Nikarudi ndani mbio. Nikamusukuma mume wangu, nikafungua kasha miye mwenyewe. Ndani kulikuwa na mashimo kadhaa ya kuchomekea disiki. Siku zote tuliichomeka mu shimo la kwanza. Yeye, kwa ile furaha ya kurudi, aliichomeka mu shimo la mwisho. Na kwa sababu aliiambia mashini ingojee disiki, ilikuwa inapita shimo kwa shimo, yote matupu, inangojea kila moja liamuke.

"Papa, iko inabisha hodi mu nyumba zenye hazina watu," nikamwambia.

Nikahamisha waya, naye akaondoa kule kungojea. Tukawasha mara ya mwisho. Ekrani ikawa nyeusi, ikawa buluu, ule wimbo wake mudogo ukalia, na mume wangu akacheza pale pale kati ya meza na ukuta. Emprimante ikaanza kutema karatasi. Grupe ikaanza kukohoa. Ukurasa wa mwisho ulitoka na wino hafifu, lakini ulitoka. Binti aliniangukia shingoni, akakimbia na karatasi zingali za moto kifuani.

Nilimufuata mpaka sokoni. Mama yake alisimama, akamupandisha, akamurushia fromaji moja ya kula njiani. Kamiyo ikaondoka, shofere angali anatukana.

Nikamuleta yule mama ndani anywe chai. Alikunywa kikombe nusu. Halafu akaniuliza, kwa sababu hakujua kusoma:

"Mama, weye njo uliiandika. Ile kitabu yake iko inasema nini?"

Nikamweleza. Inasema juu ya wanawake wenye kuzaa njiani wakiwa wanakimbia vita. Namna gani muuguzi anaweza kuwasaidia bila hospitali, kitovu kikatwe na nini, mutoto afunikwe na nini.

Akaweka kikombe chini.

"Yeye mwenyewe nilimuzaa vile," akasema. "Mu ile vita ya kwanza, mu shamba ya watu ya mahindi. Mvua inanyesha. Kitovu nilikata na tete, niko peke yangu."

Nikachukua kikombe chake, nikamuongezea chai. Halafu akaanza kucheka, machozi yanatelemuka, akanipiga paja:

"Sasa mbona hakuniuliza? Miye nilikuwako!"