Kisu cha Baba Mkwe

Mimi si fundi wa kubahatisha. Nilikwenda Afrika Kusini na begi moja, nikaanza kwa kufagia karakana ya visu, na baada ya miaka tisa nikatoka humo na stashahada ya ufundi chuma na mikono ambayo wenye karakana hawakutaka iondoke. Niliporudi Mwanza nilifungua karakana yangu Mkolani, stashahada nikaitundika juu ya mlango, mahali ambapo mteja lazima ainue kichwa. Naandika haya ili ijulikane mapema kwamba kisu ninachokisimulia hakikuwa na kasoro ya ufundi.

Mke wangu alikuwa ameondoka wiki tatu kabla. Hapakuwa na kipigo wala mwanamke mwingine. Alifungasha nguo akaenda kwa wazazi wake Usagara, na mlangoni aliniambia amechoka kuishi na mtu anayejibu kabla hajaulizwa. Nilimfuata mara mbili. Mara zote nilikaribishwa vizuri, nikapewa soda, nikarudi peke yangu.

Mara ya tatu baba mkwe alinihurumia, au alichoka kuniona. Ni mwindaji mwenye kibali, mtu wa maneno machache, na mimi huniita mkwilima, yaani mume wa binti yake.

"Mkwilima," aliniambia, "kila ukija unatueleza mikono yako inajua nini. Mimi Ijumaa alfajiri naenda kuwinda, na kisu changu kimelika hadi kimebaki kama kijiti cha meno. Nitengenezee kingine. Kikinikaa mkononi, nitazungumza na binti yangu."

"Baba, hicho hesabu kimeshatengenezwa."

"Hata hujaanza."

"Hesabu kimeshatengenezwa, baba."

Nilichota udongo uliolowa kando ya kisima, nikauzungushia kijiti, nikamwambia, "Nipe mkono, baba." Akanipa. Akaubana ule udongo, na vidole vyake vyote vikaacha alama. Niliufunga kwenye kitambaa, nikaupakata hadi Mkolani kama yai.

Nilikuwa na siku nne na kipande kimoja cha springi ya lori, kinachotosha visu viwili tu. Kisu cha kwanza nilikiua mwenyewe. Chuma kikishaiva hadi sumaku haikivuti tena, hutumbukizwa kwenye mafuta ili kiwe kigumu. Mimi hutumia mafuta ya sangara, kwa sababu hapa hayakosekani. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, mafuta yalikuwa yameanza kuganda, na kwa pupa yangu sikuyapasha moto kwanza. Nilisikia mlio mdogo, tik, kama punje ya mahindi kwenye kikaango. Ufa ulianzia kwenye makali ukapanda hadi mgongoni. Nilikaa sakafuni. Niliona akilini kabati la nyumbani, upande wa nguo za mke wangu ulivyo mtupu, na nikajua nimebakiwa na nusu ya springi kati yangu na upande ule.

Cha pili kilitoka jinsi nilivyofundishwa. Nilikipasha tena taratibu hadi kikawa na rangi ya asali nyepesi, ili kisivunjike kikigonga mfupa. Mpini niliuchonga kwa mninga nikifuata ule udongo, kila kidole na shimo lake, na mahali pa gumba nikapalaza kidogo upande mmoja. Ngozi ya ala niliiloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikakifunga kisu kwa nailoni, nikaikandamiza ngozi juu yake mpaka ikalishika umbo lake, kisha nikaishona kwa sindano mbili na uzi uliopakwa nta. Ukikichomeka kisu ndani ya ala ile na kuigeuza juu chini, hakidondoki. Sijaona nyingine kama hiyo Mwanza nzima.

Alhamisi alasiri nilikuwa Usagara. Mke wangu alikuwa barazani akipepeta mchele. Baba mkwe alivua mkanda, akauvaa upya pamoja na ala, ikamkaa kiunoni upande wa kulia. Kisha mkono wake wa kushoto ukavuka tumbo kukitafuta kisu.

Nilidhani ni mzaha. Alikichomoa kwa shida, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Gumba langu linakaa wapi hapa?"

"Hapo palipolazwa, baba."

"Hapo ni pa gumba la kulia."

"Baba hushika kisu kwa kushoto," alisema mke wangu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Tangu nizaliwe."

"Sasa mbona alinipa mkono wa kulia?"

Mzee alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa suruali. "Uliniambia nipe mkono. Mkwe akiniomba mkono nimpe wa kushoto? Nikutukane?"

Kwetu mkwilima hali chakula pamoja na wakwe. Katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona mzee yule akikata hata kipande cha nyama.

"Ungeniuliza," alisema mke wangu. "Simu yangu ilikuwa wazi siku zote nne."

Nikaanza kueleza. Kwamba ala inaweza kushonwa upya, kwamba kule nilikosomea mpini wa aina hii huhesabika kuwa wa daraja la juu, kwamba mtu huuzoea. Mke wangu alisimama na ungo wake akaingia ndani. Nikakatika katikati ya neno.

"Nipe siku moja tu, baba."

"Gari linanipitia alfajiri." Alikirudisha kisu kwenye ala, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Ni kizuri. Kina mwenyewe mahali fulani."

Jikoni nisingeweza kumfuata mke wangu, mama mkwe alikuwa humo, na kwetu mkwilima haingii alipo mama mkwe. Nilisimama uani nikaita.

"Nini?" alijibu kutoka ndani.

"Baba akichuna mnyama, huanzia wapi?"

"Si huyo hapo mbele yako? Muulize."

Nilimuuliza. Alinieleza mpaka jua likauacha ua, nami sikutia neno. Alisema asubuhi ataondoka na kile kisu chake cha zamani, kijiti cha meno.

Mke wangu alinisindikiza hadi barabarani. Nilimuuliza kama atarudi nyumbani. Akasema hajui. Gari la mjini lilisimama, kondakta akapiga bati, nikalipungia lipite. Nikamuuliza ni nini hasa asichokijua.