Saa Iliyolala kwa Fundi

Fundi saa wa ghorofa ya pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Nukta, hakuwahi kumrudishia mtu saa siku ileile aliyoitengeneza. Aliivaa kwanza mkononi mwake, akala nayo, akalala nayo, siku mbili kamili.

"Saa haijulikani kwa dakika kumi," aliwaambia wenye haraka. "Mezani kila saa ina adabu."

Ngazi za kufika dukani kwake zilikuwa ishirini na mbili. Mwaka ule alianza kusimama kwenye ya kumi na moja, akiinama kama anayefunga kamba za viatu. Mkewe, aliyemletea chakula kila mchana, alimkuta hapo mara tatu.

"Viatu vyenyewe havina kamba, baba watoto. Twende hospitali."

"Uzee tu huo. Uzee hauna spea."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Jumatatu moja mama mmoja, mwalimu mstaafu, alileta saa iliyopasuka kioo. Ilikuwa na mishale, namba za Kirumi na mkanda wa ngozi.

"Usidanganywe na sura yake," alisema mwalimu. "Ndani ina kompyuta. Inahesabu mapigo ya moyo wangu, kisha inamsimulia binti yangu kwenye simu. Umbea mtupu!"

Fundi alicheka, akabadilisha kioo, na kwa mazoea akaivaa. Alhamisi mwalimu aliichukua. Ijumaa alirudi na binti yake, macho ya binti yakiwa mekundu.

"Fundi, jana mama alipoivaa saa, simu ilipokea habari zote za nyuma. Jumanne na Jumatano moyo unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena. Nimefika kwa mama nalia, namkuta anamwagilia maua."

"Akanishika kifua na ndoo ningali nimeibeba," mwalimu alisema.

"Anasema siku hizo saa ilikuwa kwako. Labda imeharibika?"

Fundi aliisogeza sikioni, ingawa saa ile haikuwa na mlio. Akamvisha binti, akamshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo, jicho likiwa kwenye saa ya ukutani. Sabini na sita. Simu nayo ikaonyesha sabini na sita.

"Saa ni nzima," alisema, akaketi polepole. "Siku hizo ililala kwangu."

Mlangoni alikuwa amesimama mkewe na chakula cha mchana. Alikuwa amesikia yote.

"Mimi umenibishia mwaka mzima," alisema kwa upole. "Haya, bishana na hiyo."

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaikunja.

"Na saa sibishani."

Hospitalini daktari, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. "Mzee, umewahi. Ungengoja zaidi, tungezungumza mengine." Kisha akambandika kifuani kidude chembamba chenye nyaya.

"Utakaa nacho hadi kesho kutwa. Kula nacho, lala nacho. Moyo haujulikani kwa dakika kumi."

Fundi alimgeukia mkewe. Mkewe alitazama dari, midomo ameibana, mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Mama watoto," alimnong'oneza, "huyu ni fundi kweli."