Afundisha bibi za watu Kiingereza, mama yake agoma

Saa tatu asubuhi, tarehe kumi na tisa Desemba. Shule imefungwa na uwanja ni mtupu, lakini darasa la kwanza lina kelele kuliko siku za masomo. Bibi tisa na babu mmoja wamekaa kwenye viti vya watoto wa miaka sita, magoti yamewafika kifuani, na kila mmoja anataka kujibu kabla ya mwenzake.

Mbele yao, mwanamke wa miaka hamsini na mbili anajifanya mtoto. Anadeka, anavuta sketi yake, anamwaga Kiingereza cha haraka bila kupumua. Bibi wa dawati la mbele, fundi cherehani, anamtazama kwa tabasamu na kuitikia kwa kichwa.

"Umeshakubali," mwalimu anamwambia, akirudi kwenye Kiswahili. "Nimekuomba nikaogeshe vifaranga kwenye beseni, na wewe umesema sawa."

Darasa zima linacheka mpaka babu anatafuta leso.

Wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Rudia. Kwao anafundisha darasa la nne katika shule ya serikali. Shule zikifungwa, anapanda basi kwa siku moja na nusu hadi nchi hii ya jirani, na kwa wiki tano anafundisha Kiingereza wazee ambao watoto wao walihamia ng'ambo wakazalia huko. Wajukuu hao huja likizo ya Krismasi, na Kiswahili hawana. Malipo yake hayafiki mshahara wa miezi miwili, na nauli inamega sehemu nzuri. Hii ni Desemba yake ya tano.

Anakiri kwamba mwaka wa kwanza aliharibu. Alianza kama anavyoanza na watoto wa shule: njoo, kaa, kula, nawa mikono. Wazee walishika haraka, naye akajiona bingwa. Baada ya Krismasi, bibi mmoja alirudi darasani amenywea. Mjukuu wake alikuwa amemuuliza mama yake kama bibi ni askari.

"Mtoto kakaa wiki nzima anaamrishwa," anasema mwalimu. "Hakuna aliyemuuliza hata kama amelala vizuri. Kosa halikuwa la bibi, lilikuwa langu."

Tangu hapo anaanza na maswali. Lakini maswali yana majibu, na majibu ya mtoto wa miaka saba hayana breki. Kwa hiyo sentensi ya kwanza kabisa anayofundisha, kabla hata ya salamu, ni hii: sema tena, mjukuu wangu, polepole. Hairuhusiwi kuitikia jambo usilolielewa. Ukiitikia, unaogesha vifaranga.

Hadi hapo kazi inakwenda vizuri. Kinachomkosesha raha mwaka huu kiko nyumbani kwao.

Mama yake ana miaka themanini na mmoja. Binti wawili wa kaka yake anayeishi ng'ambo, wa miaka tisa na sita, wanakuja kumwona bibi yao kwa mara ya kwanza, kwa siku kumi na mbili. Kaka mwenyewe amekosa likizo. Watoto wanakuja na mama yao, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Majirani wanaojua Kiingereza wapo, ila bibi kasema hataki jirani asimame katikati yake na wajukuu zake.

Mwalimu alikuwa ameshajifunga kufundisha hadi tarehe nne Januari. Wiki ya Krismasi haiwezi kuachwa, kwa sababu ndipo wazee wanapokuja kila asubuhi na maneno yaliyowashinda nyumbani. Hivyo mwezi Novemba, kabla ya safari, alijaribu kumfundisha mama yake mwenyewe.

"Tulimaliza nusu saa," anasema. "Nilipomsahihisha mara ya pili, aliinuka akaenda kuchambua maharage. Akaniambia, 'Mimi ndiye niliyekufundisha kusema. Leo unanirudisha nyuma?'"

Alipofika huku akajaribu kwa simu. Mama alidai mtandao ni mbovu, ingawa kikohozi chake kilisikika vizuri kabisa.

Aliyefumua jambo hilo darasani ni babu, mshona viatu, mwanamume pekee katika kundi. Katika wiki ya kwanza ya Desemba, bila nia mbaya, alimuuliza mwalimu ni nani anayemfundisha mama yake. Mwalimu alijifanya anafuta ubao.

"Alinikata maini yule mzee," anasema. "Miaka mitano nahangaika na bibi za watu, na mama yangu mzazi atakaa na wajukuu kama wageni wa kituo cha basi."

Jioni hiyo, fundi cherehani, mwenye miaka sabini na minne, aliomba namba ya simu. Hakumwambia mama wa mwalimu kwamba anataka kumfundisha. Alimwambia yeye ni mtu mzima mwenye shida, wajukuu wanakuja, ulimi mzito, anatafuta mwenzake wa kufanya naye mazoezi. Mama wa mwalimu, ambaye hawezi kusikia mtu ana shida akanyamaza, akakubali kumsaidia.

Basi kila siku saa kumi alasiri, fundi anasimamisha cherehani, anaegemeza simu kwenye vitambaa vya wateja na kuweka sauti kubwa. Anasema yale aliyojifunza asubuhi, mwenzake anayarudia, kisha wanabishana.

"Ananikosoa sana," fundi anasema huku akitunga uzi kwenye sindano. "Mara nyingi mwenye kosa ni yeye. Namwacha. Kesho yake analisema sawasawa, ananiambia, 'Unaona?'"

Mwalimu alikatazwa kusogea. Siku moja alishindwa kujizuia, akasimama nje ya mlango wa kibanda cha fundi. Alimsikia mama yake akiuliza kwa Kiingereza, "Umelala vizuri?" Akaondoka kabla hajaonekana.

Tarehe ishirini na mbili watoto walifika. Wifi yake alituma ujumbe wa mstari mmoja kwamba wako salama, na baada ya hapo kimya. Siku nne mwalimu alifundisha roho ikiwa juu. Hakupiga simu, anasema, kwa kuogopa kusikia mama amejifungia chumbani na watoto wanatazama televisheni.

Tarehe ishirini na sita, wakati wa mapumziko, fundi alimsukuma hadi kwenye ukumbi wa nje na kumwambia apige. Mwandishi alikuwapo. Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, kilichotangulia ni kelele za watoto.

"Mwanangu, umepiga wakati mbaya," mama yake alisema. "Huyu mdogo ananieleza habari za jino lake. Sikuelewa, nikamwambia arudie. Anarudia. Mara ya nne hii, na hajachoka. Nitakupigia."

Kisha akakata.

Mwalimu aliegemea ukuta akalia bila kujificha, fundi amemshika bega. Alipomaliza aliomba iandikwe kwamba ni furaha, wasomaji wasije wakafikiri kuna msiba.

Desemba ijayo hatasafiri. Ameshamwomba mwalimu mkuu wa kwao chumba kimoja cha darasa, na bibi kumi na wawili wa mtaani kwake wamejiandikisha. Darasa la huku litabaki mikononi mwa fundi cherehani, na babu mshona viatu atakuwa msaidizi wake, cheo alichojipa mwenyewe.

Mama yake alipewa habari za mpango huo alipopiga jioni ile, kama alivyoahidi. Mwalimu alimuuliza kama atakuja darasani.

"Atakuja," anasema mwalimu. "Ila si kujifunza. Anasema yeye ndiye aliyemfundisha bibi mmoja wa nchi ya jirani Kiingereza kwa simu mpaka akaiva, kwa hiyo anakuja kunisaidia kazi."