Nilivyozitundika kanga za Mama chuoni, na mtu aliyekuwa akisemwa akaja kuzisoma

Wakuu, kwema humu?

Mie ni msomaji wa kimyakimya, nasoma visa vyenu hosteli nacheka peke yangu mpaka roommate ananiangalia vibaya. Leo na mie naweka changu. Sijaongeza chumvi hata punje, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nasoma historia, mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Dar. Nyumbani ni Buguruni, karibu kabisa na soko.

Waliosoma historia wanaijua dhihaka yake. Ukisema unasoma historia mtu anakuuliza, "Kwa hiyo utakuwa nani?" Mjomba wangu hata haulizi, kila tukikutana ananiita mkoloni.

Lakini dhihaka si shida, shida ni field, yale mafunzo ya vitendo ofisini. Wenzetu wa uhasibu wanapokelewa kila mahali. Sie unazunguka na barua ya chuo mpaka inachakaa mikunjo, kila ofisi unaambiwa, "Mdogo wangu, historia hapa tukupe kazi gani?" Nilishapigwa chini ofisi nne.

Ndipo idara ikatangaza siku ya utamaduni pale chuoni. Ingefanyika siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Ngoma zipo, vyakula vya asili vipo, halafu sie wa historia kila mmoja anaandaa meza yake: kitu cha nyumbani chenye historia, na maelezo uliyoyapata kwa kumhoji mtu anayekijua.

Jumamosi angekuja mtu kutoka makumbusho fulani hapa mjini kuzikagua meza. Itakayomvutia, mwenye meza anakwenda kufanya field kwao.

Darasa zima likachangamka. Kuna mshikaji aliagiza mkuki kwa babu yake, ukasafirishwa kwenye basi umefungwa na mafurushi ya mihogo. Mwingine kaleta redio ya mbao. Mie nikafikiria sanduku la Mama.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, Mbena wa Njombe. Alihamishiwa Dar kabla mie sijazaliwa. Chini ya kitanda ana sanduku la bati limejaa kanga, na toka nikiwa mdogo nilikuwa najua kwamba zile kanga zilikuwa silaha za vita. Adui alikuwa mmoja tu, Bi Aziza.

Bi Aziza ndiye mwenye duka lililo mbele ya nyumba yetu. Ni familia ya Waarabu wa siku nyingi pale mtaani, duka alilianzisha babu yake. Mchele, mafuta, viberiti, chochote ukitakacho.

Kwa wale ambao kwao kanga ni nguo tu, nieleze kidogo. Kanga ina maandishi, tunayaita jina. Ukiivaa ukapita mbele ya mtu, umemsema. Hamna kushikana mashati wala matusi, na ukiulizwa unajibu, "Kwani mie nimeongea?"

Basi Mama na Bi Aziza walisemana hivyo kwa miaka. Bi Aziza akitoka na yake, mwisho wa wiki Mama anashuka Kariakoo kutafuta ya kumjibu. Sie watoto tulikuwaga tunasoma hali ya vita kwenye kamba ya kuanikia.

Baadaye ikaisha yenyewe, umri ulisogea. Wakawa wanasalimiana, msiba ukitokea wanakwenda wote. Ila Mama hakuwahi kuvuka kizingiti cha Bi Aziza, wala Bi Aziza cha kwetu.

Ilikuwa amani nyembamba, lakini Mama aliitunza. Anakaribia kustaafu, ana presha, na mie nakaa hosteli. Siku akizidiwa, mtu wa kwanza atakayesikia akiita ni huyohuyo wa dukani.

Sasa mie na akili zangu nikaenda kuichezea amani hiyo.

Nilimhoji Mama jikoni, simu nimeisimamisha kwenye kopo la sukari inarekodi. Mama alicheka siku ile mpaka akavuta kigoda akakaa. Akanipa kanga tano kwa mpangilio, kila moja na sababu yake. Nilimwambia ni kazi ya chuo. Sikumwambia kwamba kila neno nitaliandika kwa herufi kubwa na kulitundika watu wasome. Kwa kweli halikunijia kichwani, niliona ni Mama yangu, kuna haja gani ya kuomba?

Ijumaa meza yangu ilikuwa inavutia, tusifichane. Kanga tano kwenye kamba, kila moja na karatasi yake chini.

Ya kwanza jina lake SI WAKO PEKE YAKO. Chini nikaandika: "Kanga ya kwanza ya mhojiwa alipofika Dar. Sababu ya kuinunua: alipenda maua."

Ya pili NIMEKUJA KUKAA, SIKUJA KUOMBA. Chini: "Ilivaliwa kumjibu jirani, Bi A., mwenye duka Buguruni."

Hapo kwenye Bi A. ndipo nilipojiona mtaalamu. Nimeficha jina, nimefuata maadili ya utafiti. Nimebakiza tu herufi, kazi yake na mtaa anaokaa.

Watu wakajaa. Wadada wa chuo wakawa wanapiga picha, wanacheka, wananiuliza huyo Bi A. yuko hai. Nikawajibu yupo, mzima wa afya.

Saa nane hivi nageuka, namwona Nasra. Nasra ni mjukuu wa Bi Aziza, anasoma chuo hichohicho, mambo ya biashara, na siku ile alikuwa anacheza kwenye kundi la ngoma za pwani. Hilo nilikuwa nalijua. Nilichosahau ni kwamba mtu akicheza ngoma hualika watu wake waje kumtazama.

Bi Aziza huyo hapo pembeni yake, kavaa buibui, kashika mkoba.

"Shikamoo, Bi Aziza." Akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yako kwenye zile kanga. Akaanza kusoma kuanzia ya kwanza. Kwenye karatasi ya kwanza alikaa muda mrefu kuliko mtu yeyote siku ile. Kisha akapita zilizobaki harakaharaka, akamshika Nasra mkono wakaondoka.

Wakuu, bora angenitukana.

Nikampigia Mama nikamweleza ukweli wote. Halafu akasema taratibu, kwa ile sauti ya mwalimu anayekusubiri ofisini, "Dani, hayo ulikuwa unanihoji ili ukanianike?"

Nikajaribu kujitetea kwa habari za field. Akanikatiza. "Mie ndiye ninayekaa hapa na huyo mama. Wewe ukipata hiyo field utakwenda zako. Kesho asubuhi shusha kanga zangu, nazifuata mwenyewe."

Iliniuma kwa sababu alikuwa sahihi. Na iliniuma pia kwa sababu mtu wa makumbusho anakuja kesho hiyohiyo, na mie ofisi ya tano sina. Niliwaza nimdanganye Mama kwamba nimeshusha, niziache mpaka mchana. Nakiri hilo wazo lilikaa kichwani zaidi ya dakika kumi. Mwishowe nikaona hapana, huyu ni Mama.

Jumamosi saa mbili nikawahi. Nikabandua karatasi zote, nikaanza kukunja kanga. Nimefika ya tatu, nasikia nyuma yangu, "Unazipeleka wapi?"

Bi Aziza. Nasra yuko nyuma yake kabeba mfuko mkubwa wa plastiki, uso wake unaniambia na yeye haelewi kitu.

Nikaomba radhi kwa maneno yote niliyonayo. Akaniacha nimalize, akauliza jambo moja tu. "Pale uliandika alipenda maua. Hayo kayasema yeye, au umetunga wewe?"

Nikamwambia kayasema mwenyewe, ninayo sauti yake kwenye simu.

"Niwekee."

Nikatafuta ile sehemu. Sauti ya Mama ikatoka pale mezani, anacheka: "Kwetu kanga unaangalia rangi, mwanangu. Niliona yale maua ya zambarau nikasema hii ndiyo ya kuanzia maisha Dar. Nikaivaa, nikapita dukani nikamsalimia yule mama vizuri tu. Toka siku ile akaninunia. Zile za baadaye ndiyo, nilikuwa namjibu, wenzangu shuleni walishanifundisha. Lakini kilichoanzisha, mpaka leo sijui nilimkosea nini."

Bi Aziza akavuta kiti changu akakaa. Akaniambia nirudie, nikarudia.

Halafu akanieleza, na Nasra akiwa anasikia kwa mara ya kwanza. Wiki ile mumewe alikuwa ameoa mke wa pili. Mtaa mzima ulijua, yeye alikuwa anakaa dukani anajikaza wateja wasimwone machozi. Ndipo akatokea mwalimu mgeni, kijana, kavaa kanga imeandikwa si wako peke yako, anamsalimia huku anatabasamu.

"Nikasema huyu ameletwa na nani?" akasema. "Nikamchukia pale pale."

Miaka yote ile, kanga zote zile, na mmoja wao hakujua hata kama kuna vita aliyoianzisha.

Mama akafika wakati huohuo, kakaza uso, kaja kuchukua kanga zake. Alipomwona Bi Aziza kwenye kiti akasimama. Nikajua hapa leo naaibishwa mbele ya chuo kizima.

Bi Aziza ndiye aliyeanza. "Mwalimu, kumbe ulinunua maua?"

Mama akaniangalia mie, akaangalia simu mezani, akaelewa. "Maua, dada. Nimetoka Njombe na gauni mbili, mambo ya majina ningeyajulia wapi?"

"Na mie miaka yote nagombana na maua." Bi Aziza akaanza kucheka, ila machozi yanamtoka. Kisha akamweleza habari za ile wiki, kwa sauti ndogo. Mama akaenda akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono miwili, akawa anasema, "Pole, dada. Pole sana, sikujua." Wote wawili wakalia. Mie na Nasra tukawa tunaangalia dari kama mafundi wa feni.

Walipotulia, Bi Aziza akamwambia Nasra afungue mfuko. Mna kanga nne. Ni zake, zile alizomjibia Mama, alikuwa kazihifadhi kama Mama alivyohifadhi. Ya juu kabisa inasema MGENI NJOO, UJUAJI UACHE KWENU.

Mama alipoiona akapiga kofi pajani. "Hii ndiyo! Hii ilinilaza njaa."

"Tundika," Bi Aziza akaniambia. "Kama ni historia, iwe na pande mbili. Na hizo karatasi rudisha, ila ile A. itoe, andika jina langu lote."

Nikamwangalia Mama. Akasema, "Rudisha."

Mtu wa makumbusho alikuwa dada mmoja mwenye miwani, mpole, ana daftari. Alipofika kwangu, mie sikupata nafasi ya kuongea. Wazee wawili walishika usukani, mmoja anaeleza kanga yake, mwenzake anamkatiza, "Subiri, kabla ya hiyo mie nilikuwa nimevaa ile nyekundu." Yule dada akakaa pale karibu saa nzima. Mie kazi yangu ilikuwa kushikilia kamba isidondoke.

Field nimeipata, wakuu. Nipo stoo ya nguo za kale, najifunza kukunja kitambaa bila kukiharibu. Mjomba sasa hivi kanipandisha cheo, ananiita gavana.

Lecturer wangu hakucheka sana. Kwenye alama alinikata vizuri tu, akaandika pembeni: "Ridhaa ya wahojiwa iko wapi?" Nimemkubali. Bahati ndiyo iliyoniokoa pale, si akili, na siku nyingine bahati isingekuwepo. Wadogo zangu mnaosoma historia, mtu akikupa maneno yake, muulize kwanza kama unaweza kuyapeleka mbele, hata kama ndiye aliyekuzaa. Uzi huu wenyewe nimeusoma mbele ya wazee wote wawili kabla ya kuuweka hapa. Kuna sehemu Bi Aziza kasema iondoke, nayo imeondoka.

Na hizi siku za utamaduni msizidharau mkadhani ni za kula makande na kupiga picha. Meza moja imenipa nilichokikosa ofisi nne.

Ila kilichoniingia zaidi si field. Jioni ile tumerudi Buguruni, Mama hakuingia nyumbani, alipitiliza moja kwa moja ndani kwa Bi Aziza akakaa mpaka magharibi. Aliporudi nikadhani atakuwa na furaha. Akakaa kitandani, akavua viatu.

Kisha akaniambia, "Dani, kutoka mlango huu mpaka kwake ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu leo. Wewe nilikuwa nakutuma kwake chumvi kila siku. Mie mwenyewe nilishindwa kwenda kumuuliza, dada, nimekukosea nini."

Nikaviokota viatu vyake nikavipanga mlangoni.

Kwa hiyo wakuu, kama kuna jirani, ndugu au rafiki aliyekununia na sababu huijui, mwendee leo ukamuulize. Halafu njoo hapa chini utuambie alikujibu nini.