Mgema Aliyeacha Minazi Mirefu

Dzombo wa Kombe alikuwa akigema minazi kumi na minne kule Idsowe, na mitano kati yake ilikuwa imemshinda. Mwenyewe alisema imechoka, inahitaji kupumzishwa. Aliyasema hayo kwa uso mkavu, watu wakaamini, kwani nani angembishia mgema wa miaka thelathini kuhusu mnazi?

Ukweli aliujua yeye. Mnazi wake mrefu kuliko yote ulikuwa na vidato thelathini na sita, zile alama zinazochongwa kwenye shina mtu apate pa kukanyaga. Tangu Aprili, kila akifika kidato cha ishirini kitu kizito kilimkalia kifuani, kikapanda hadi kwenye taya na kumshukia mkono wa kushoto. Akisimama kidogo, kinamwachia. Akishuka, anataniana na watu kama kawaida.

Basi akapiga hesabu ya kigema, na hesabu hiyo nusura imuue. Aliona ugonjwa uko kwenye mnazi. Mnazi uliomsumbua aliuacha, akabaki na iliyo mifupi. Aprili aliacha mmoja, Mei miwili, na kufikia Julai ilikuwa mitano. Kila alipoacha mmoja alipata nafuu ya siku chache, akajiona mjanja kweli. Hospitali hakutaka hata kuisikia. Idsowe nzima ilimwita Mgema, hata wajukuu zake, na aliogopa siku ambayo wangetafuta jina jingine la kumwita.

Asubuhi moja ya Agosti kile kitu kilimshika kwenye kidato cha nane, tena kwenye mnazi mfupi. Kwa ukaidi wake akaendelea hadi juu. Pale kileleni alingoja kimwachie kama siku zote, lakini hakikumwachia. Jasho baridi likamtoka. Kotama, kile kisu chake cha kugemea, ikamponyoka mkononi. Akalikumbatia shina, akafumba macho.

Nyale, kaka wa mkewe, alikuwa juu ya mnazi wake jirani, akaiona kotama ikianguka. Alishuka mbio. Sasa, wagema wa pale hawapandiani minazi. Watu wameshavunjiana undugu kwa jambo hilo, wakaitana wezi, na hata wachawi. Nyale alipanda bila kuuliza, mpaka kichwa chake kikafika chini ya nyayo za shemeji yake.

"Nitakushika mguu mmoja mmoja," alimwambia. "Wewe kumbatia shina tu, mengine niachie mimi."

Akaushika mguu wa kulia, akauweka kwenye kidato cha chini. Akaushika wa kushoto. Wakashuka hivyo, kidato baada ya kidato, Dzombo akilia bila kujali nani anamsikia. Vilipobaki vinne mikono yake ililegea kabisa, na Nyale akambana kwenye shina kwa kichwa na mabega hadi waliokuwa chini walipompokea.

Wakampakia kwenye pikipiki, wakamfunga kwa leso mgongoni mwa dereva, Nyale akimshikilia kwa nyuma, mpaka hospitali ya Garsen. Nyevu, mkewe, akafuata na pikipiki nyingine.

Tabibu aliyempokea, mama mmoja aitwaye Dorothy, alimpa aspirini atafune, akambandika nyaya kifuani, na mashine ikatoa karatasi yenye mistari. Aliitazama mara mbili. Kisha akauliza maumivu yalianza lini. Dzombo akajibu kwamba ni leo, ghafla. Nyale alikuwa amebaki nje, ndani walikuwa watatu tu.

"Ni tangu Aprili," Nyevu akasema. "Vibuyu vya tembo navipokea mimi. Ameacha minazi mitano, na alianza na ule mrefu."

Dorothy hakumgombeza mgonjwa. Alieleza kwamba mshipa unaoulisha moyo ulikuwa ukijiziba kidogo kidogo tangu wakati huo, na sasa umeziba. Kila saa inayopita, sehemu ya moyo inakufa. Akaita ambulansi ya kwenda Mombasa. Kwa zaidi ya saa nne za barabara Nyevu alikishika kiganja cha mumewe, akihofia kuwa kikizidi kupoa ndiyo basi.

Huko walimlaza kwenye kitanda chembamba akiwa macho. Daktari alimtoboa kwenye kifundo cha mkono, akaingiza mrija mwembamba uliosafiri hadi moyoni. Kwenye kioo Dzombo aliiona mishipa yake ikijaa dawa nyeusi, na mmoja ulikuwa umekatika kama umefutwa. Daktari alimwonya kwamba akipuliza kijiputo ndani ya mshipa, maumivu yatarudi. Yakarudi kweli. Dzombo akaona ndiyo mwisho wake umefika, akaogopa kama mtoto. Kisha kijiputo kikanywea, kikaacha pale kijiwavu cha waya cha kuushikilia mshipa wazi, na ule uzito wa tangu Aprili ukaondoka.

Alirudi nyumbani na dawa ambazo hakutakiwa kuruka hata siku moja, na amri ya kutopanda. Watu wakaja kumpa pole. Wote aliwaambia lilimkuta ghafla, siku moja tu, lingemkuta yeyote. Alimwomba Nyevu asimwumbue, na Nyevu kwa kumhurumia akanyamaza.

Wiki ya pili Nyale alikuja alasiri. Sasa alikuwa akigema minazi yake na ya shemeji yake, hata ile mirefu. Aliketi, akanywa maji, akaonekana mwenye furaha.

"Umenitoa wasiwasi, shemeji," alisema. "Mimi nabanwa kifua kwenye kidato cha kumi na nane, nikisimama kinaachia. Nilidhani ni kama chako. Kumbe chako kilikuja mara moja, changu ni uchovu tu."

Akainuka aende kugema. Nyevu alimtazama mumewe.

Dzombo alihisi uso ukimwaka kwa aibu. Akamshika Nyale mkono.

"Nilidanganya," alisema. "Sikupatwa ghafla. Minazi haikuchoka, niliikimbia. Mimi nilianzia kidato cha ishirini."

Nyale aliiweka kotama yake chini. Kisha akaketi tena, akauliza kama huyo tabibu wa Garsen bado atakuwepo kazini saa hizi.